Ersilia Baldelli, Kijana wa Jukwaa la Jesi

Marehemu Ersilia Baldelli alizaliwa tarehe 9 Novemba 1934 hapa mjini Jesi, katika nyumba iliyo nyuma ya ukuta wa zamani wa mji, akiwa mtoto wa pili wa Bwana Settimio Baldelli, fundi wa mapipa ya divai, na Bi. Argia. Bi. Argia alisimulia kwamba asubuhi ile ukungu ulipanda kutoka mtoni ukaingia hadi chumbani, na mtoto hakulia. Alinguruma polepole, kama mtu anayetafuta sauti yake.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani, kisha kwa masista hadi mwaka 1949. Alikuwa na miaka kumi na minne sauti yake iliposhuka ghafla. Mwalimu wa kwaya ya parokia alimsikiliza, akakuna kichwa, akasema, "Hamia kule kwa wavulana, mwanangu, na usinitazame hivyo."

Mwaka 1950 aliajiriwa katika kiwanda cha kusokota hariri, na kilipofungwa akafundisha watoto kuimba hadi alipostaafu. Jioni zake, hata hivyo, zilikuwa za kundi la mji wetu la opera za kuchekesha, michezo ya kuigiza inayoimbwa, alilojiunga nalo mwaka 1955. Desturi ya opera hizo sote tunaijua: sauti ya kwanza huolewa, sauti ya tatu hupendwa, besi huwa mzee mpumbavu anayenyang'anywa mchumba. Mwanamke mwenye sauti nzito huvalishwa suruali awe kijana wa kiume. Akizeeka, hupewa aproni na ufagio awe yaya.

Baada ya mazoezi, marehemu na rafiki zake watatu walikaa kwenye baa ya uwanjani wakitaniana.

"Oddo, wewe umeachwa na wanawake wangapi mpaka leo?" Mirella, wa sauti ya kwanza, alimuuliza besi.

"Wote waliniacha kwa sababu ya huyu," Oddo alijibu, akimwonyesha Gualtiero, wa sauti ya tatu. "Tumbo kama pipa, lakini eti ndiye kijana mtanashati!"

"Wivu huo, babu," Gualtiero alisema.

"Nyamazeni nyote," marehemu alisema. "Mwanamume pekee mezani hapa ni mimi. Suruali ninazo kumi na moja."

Mwaka 1963 Mirella aliugua, na marehemu akaomba avae gauni la bibi harusi, kwa kuwa nyimbo zote alikuwa nazo kichwani. Mkuu wa kundi alicheka, akidhani ni utani. Marehemu naye akacheka. Jioni ile hakupita kwenye meza ya baa.

Wakati huo alikuwa amekwisha funga ndoa, tarehe 27 Aprili 1961, na Bwana Nazzareno Pieralisi, fundi cherehani aliyemshonea suruali zote hizo. Bwana Nazzareno husema alimpenda akiwa na pini mdomoni, ndiyo maana alichelewa kutamka. Alipochelewa mno, marehemu alimwambia, "Naza, tunaoana au unapima tu?" Hawakujaliwa watoto. Mimi, Loredana, mtoto wa mdogo wake, nililelewa nusu kwao, nikilala katikati ya vitambaa huku sauti yake ikipita ukutani kama inatoka chini ya maji.

Mwaka 2016 alipatikana na ugonjwa wa mapafu. Pumzi ilipoanza kupungua, Mirella aliwaita wenzake. "Safari hii tunapindua kila kitu," alisema. "Ersilia anaolewa. Suruali navaa mimi."

Tarehe 11 Juni 2017 waliigiza onyesho moja tu, la harusi. Bwana Nazzareno alishona gauni jeupe. Oddo alitoka na aproni na ufagio, Gualtiero akawa mzee mpumbavu. Watu walicheka hadi kulia machozi. Kisha marehemu akaanza kuimba, kwa sauti iliyobaki, chini kabisa, na kicheko kikazimika chenyewe. Mlango ulikuwa wazi. Mbayuwayu waliingia wakazunguka juu ya taa, na hakuna aliyewafukuza.

Katika mchezo, mwandishi wa mikataba ya ndoa alimuuliza bibi harusi kama anamkubali mzee. Alitakiwa akatae, kijana, yaani Mirella, aingie kwa kuruka dirishani, mchezo uendelee. Marehemu aliwatazama watu kama aliyeamshwa.

"Ndiyo," alisema.

"Jamani, nimeoa!" Gualtiero alipiga kelele. "Naza, nisamehe!"

Mchezo uliishia hapo. Nikimvua gauni, nilimuuliza, "Mama mkubwa, ulisahau?"

"Sikusahau. Mvaa suruali ndiye anayeuliza, mwanangu. Nimewauliza wasichana wa watu jukwaani maisha yangu yote, na hata Naza nilimuuliza mimi. Leo nimeulizwa. Ningekataaje?"

Alifariki nyumbani tarehe 14 Januari 2018, alfajiri, akiwa na miaka themanini na mitatu, mkono wake ukiwa katika mkono wa mumewe.

Ameacha mume, Bwana Nazzareno. Mimi na mume wangu Fausto. Na Mirella, Oddo na Gualtiero, ambao mpaka asubuhi hii wanabishana kama Gualtiero akae na wafiwa.

Bwana Nazzareno amesema akae.

Mungu ampe Ersilia wetu usingizi mwema.