Zilpah Kadenge na Ukoo wa Mtunguja

Mchungaji, wafiwa, majirani wa Mji wa Kale mliofunga maduka mkaja, wafanyakazi wenzake na wanafunzi wake, historia hii ya dada yetu imeandikwa na mdogo wake, Dishon Kadenge, na anayeisoma mbele yenu ni Dishon huyohuyo, ila atajitaja kwa jina kama atakavyowataja wengine, kwa kuwa aliyelala hapa ndiye mwenye siku ya leo, na pia, tuseme kweli, kwa sababu yamo humu mambo ambayo mtu huyatamka kwa urahisi zaidi akijifanya anamsema mwenzake.

Zilpah Kadenge alizaliwa tarehe 9 Februari 1957 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, kisiwani Mombasa, akiwa mtoto wa kwanza wa marehemu Mzee Jeremia Kadenge, karani wa stesheni, na marehemu Mama Mejumaa, wote wawili wazaliwa wa Rabai, akafuatiwa na wavulana wawili waliofariki wangali wachanga, kisha mwaka 1964 akazaliwa Dishon, kitinda mimba, ambaye mama yake aliugua muda mrefu baada ya kumzaa, hivyo mgongo alioujua kwanza katika dunia hii ulikuwa wa dada yake mwenye miaka saba.

Alianza shule ya msingi mwaka huohuo wa 1964, akamaliza mwaka 1970, na waliosoma naye wanakumbuka kwamba akiwa darasa la tano alileta darasani matunguja aliyoyachuma kando ya reli, akadai kwamba ni ndugu wa nyanya, mwalimu akacheka na darasa zima likacheka, naye akaweka mezani ua la mtunguja na ua la nyanya, bega kwa bega, akawaacha wahesabu wenyewe. Aliendelea na sekondari hapa kisiwani kuanzia 1971 hadi 1976, akajiunga na Chuo Kikuu cha Nairobi mwaka 1977 kusomea elimu ya mimea, akahitimu mwaka 1980, na kila likizo alirudi na karatasi za magazeti zilizobana majani, akazipanga chini ya godoro la Dishon kwa sababu, alisema, uzito wa Dishon ulisaidia kuyanyoosha.

Tarehe 5 Januari 1981 aliajiriwa na Hifadhi ya Mimea Mikavu ya Pwani, ile ofisi ya ghorofani yenye madirisha ya mbao, mwendo mfupi kutoka Ngome ya Yesu, akafanya kazi hapo miaka thelathini na sita bila kuhama hata meza, na kazi yenyewe, kwa wale ambao walimpenda bila kuielewa, ilikuwa hii, kwamba iko jenasi moja ya mimea ya maua, wataalamu huiita Solanum, yenye spishi zaidi ya elfu moja duniani, ndani yake mna kiazi, nyanya, bilingani, mnavu na mitunguja ya miiba tunayoikanyaga vichochoroni, na Zilpah alitaka kujua nani ni ndugu wa nani, yupi aliachana na yupi kwanza, na babu yao alikuwa wapi, akaufanya uchunguzi huo kwa kuhesabu miiba, kupima mbegu, na kutazama kwa kioo vinyweleo vya majani ambavyo vimekaa kama nyota. Jirani yake, Bimdogo, aliyepo hapa, alimfundisha majina ya kale ya mimea hiyo na dawa zake, akampa na lawama zake, maana hakuna aliyewahi kula bilingani mezani kwa Zilpah bila kuelezwa kwanza shangazi zake bilingani huyo ni akina nani.

Alifunga ndoa tarehe 14 Desemba 1985 na marehemu Jeremy Mwakio, fundi wa mitambo katika gati la Mbaraki, wakapanga nyumba ya juu Mji wa Kale, na tarehe 2 Septemba 1988 Mungu akawajalia binti mmoja, Kate, ambaye leo ndiye mfiwa mkuu.

Sasa hapa ndugu zangu mniwie radhi, maana Jumatano iliyopita Kate alikaa na Dishon kuipitia historia hii, akaisoma hadi mwisho, akamwambia kwa heshima yake yote, "Mjomba, ule mwaka wa elfu mbili na kumi na nne uruke, mama aliaibika vya kutosha akiwa hai." Dishon akasema sawa, akaufuta, akaenda nyumbani na karatasi safi isiyo na doa, na tangu siku hiyo amekuwa akiiona karatasi hiyo kuwa chafu kuliko zote alizowahi kuziandika, kwa hiyo, Kate, mwaka huo utasomwa, lakini hauanzi pale unapodhani unaanzia.

Unaanzia Alhamisi tarehe 16 Juni 1988, mama yako akiwa na mimba yako ya miezi sita, ambapo alibakisha mmea mmoja tu kumalizia mchoro wa ukoo wa mitunguja ya miiba, nao ni mtunguja wa nchi kavu ya Galana, ambao wazee wa zamani wa fani yake waliupa jina la peke yake, naye alitaka kuona kama kweli ni spishi tofauti au ni huyuhuyu wetu wa pwani aliyebadilishwa na jua. Daktari alikuwa amemkataza safari, hivyo akamwomba Dishon, aliyekuwa na miaka ishirini na minne na likizo ya juma zima kutoka kampuni ya malori ya Shimanzi alikokuwa karani, akamfundisha kukata, kubana na kuandika lebo, akamwambia mmea mkavu hauna mdomo, kinachousemea ni lebo yake, akampa mbao za kubania, magazeti, na chapati za njiani alizozipika mwenyewe.

Dishon hakwenda Galana. Hakuugua, gari halikuharibika, mvua haikunyesha, bali siku ile ya Alhamisi timu yao ilicheza na vijana wa Changamwe na yeye alikuwa golikipa, akasema ataondoka Ijumaa, Ijumaa akasema Jumamosi, na ilipofika Jumatatu likizo inayeyuka alikwenda nyuma ya ghala pale Shimanzi, akang'oa mtunguja uliokuwa umeota ukutani, akaubana vipande vinne kama alivyofundishwa, kisha, na hili ndilo humwamsha hata leo, akabandua udongo mwekundu uliokuwa umeganda kwenye magurudumu ya lori lililotoka Voi, akausugua kwenye mizizi, akaandika lebo kwa mwandiko mzuri, Galana, ukingo wa mto, udongo mwekundu, mkusanyaji D. Kadenge. Chapati alikuwa amezila zote.

Zilpah alipokea vipande hivyo kwa mikono miwili, akavishona kwenye karatasi ngumu, akavipa namba 417, na mtu ambaye hakuwahi kuamini lebo ya mgeni bila kuuliza maswali kumi hakumuuliza mdogo wake hata swali moja. Akalinganisha, akakuta mmea wa Galana na wa pwani wamefanana kila kitu hadi unywele, na wangeachaje kufanana, akahitimisha kwamba ni spishi moja, akalifuta lile jina la zamani, na mwaka 1992 akachapisha mchoro wake wa ukoo ukiwa na tawi moja mahali panapostahili matawi mawili. Mchoro huo ulisifiwa, ukafundishwa, wengine wakajenga juu yake, na Dishon alikuja kwenye sherehe akala pilau. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, ila hii ya Dishon ilikwenda miaka ishirini na sita.

Mwaka 2014 mwanafunzi wake mwenyewe, Nasiha, alisafiri hadi Galana kwa utafiti wa shahada yake, akaukuta mmea ambao haukuwa wa pwani hata kwa mbali, akapima vinasaba, akapata kwamba wawili hao waliachana zamani sana, kwamba mtunguja wa Galana uko karibu zaidi na bilingani kuliko na huyu wetu, na kwamba karatasi namba 417 ni mtunguja wa pwani mtupu. Alimwendea mwalimu wake na matokeo hayo, naye Zilpah akamwambia aandike, akamsahihishia rasimu kwa mkono wake, na tarehe 21 Agosti 2014 utafiti huo ukasomwa katika mkutano wa wataalamu hapa mjini, ambapo mgeni mmoja mashuhuri alisimama akasema mbele ya watu mia mbili kwamba huu ni uzembe ambao hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hasamehewi. Dishon alikuwa amekaa safu ya pili, kwa kuwa jioni ile dada yake alitarajiwa kupewa heshima ya utumishi na jamaa walialikwa. Zilpah aliinuka, akasema kazi ni yake na kosa ni lake, akakaa, na heshima ile haikutolewa, na mdogo wake, aliyekuwa na jibu lote mdomoni, alitazama viatu vyake.

Walirudi kwa miguu, wakapita Ngome ya Yesu wauza vinyago wakiwaita kama wageni, na njia nzima Zilpah alimuuliza Dishon habari ya goti lake tu, linaendeleaje, anakwenda kulichua au amepuuza. Wiki iliyofuata Bimdogo alimpigia simu akamwambia, "Dishon, njoo umwangalie nduguyo, hali wala hanywi, yuwalia na majani yake," naye Dishon akaja na matunda na maji ya dafu, akakaa, akazungumza habari za hali ya hewa, akaondoka. Kitabu kikubwa cha jenasi nzima, ambacho Zilpah alikuwa amekiandika nusu, hakuendelea nacho, kwa madai kwamba mkono wake umepoteza haki ya kuandika nani ni ndugu wa nani, akastaafu kimya tarehe 9 Februari 2017.

Mwaka 2021 aligunduliwa kuwa na maradhi ya figo, akawa anasafishwa damu mara mbili kwa juma, Dishon akimpeleka na kumrudisha, jambo ambalo watu walimsifia sana na yeye akakubali sifa, na katika saa zote hizo za kukaa pamoja, ambazo ukizijumlisha ni miezi, hakupata dakika moja ya kumwambia ukweli. Alilazwa tarehe 3 Oktoba mwaka huu wa 2025, na Jumapili tarehe 12 Oktoba, saa nne asubuhi, akiwa ameshikwa mkono na Kate, akatutoka, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Juzi Dishon alikwenda Hifadhini kuchukua tarehe za ajira ya Zilpah, na mfanyakazi mwenzake Zilpah, Fahmi, kwa wema tu, akamfungulia kabati amwonyeshe kazi ya dada yake, akamweleza desturi yao, kwamba lebo ya zamani haifutwi wala haichanwi hata ikiwa ya uongo, bali anayejua zaidi hubandika kikaratasi pembeni, akaandika alijualo, jina lake na tarehe. Kwenye karatasi namba 417, chini ya mzizi, pana doa la grisi, si kubwa, na ukingo wa mto hauna grisi, na Zilpah alijua vizuri mdogo wake alikuwa akifanya kazi wapi. Fahmi alisema kwamba kesho yake baada ya mkutano ule alimkuta Zilpah amelikwaruza doa hilo kwa ukucha, akaunusa, kisha akabandika kikaratasi, nacho kipo, kwa mwandiko wake, kinasema, mahali hapajulikani, mkusanyaji hakuulizwa, Z. Kadenge, 22 Agosti 2014.

Basi miaka kumi na moja alijua. Alijua akiuliza habari ya goti, alijua akishikwa mkono kushuka ngazi za hospitali, na angeweza kujisafisha kwa sentensi moja, naye akaona afadhali jina lake lichafuke kuliko la mtoto aliyembeba mgongoni. Kate, mamako hakuwa mzembe, hakuna mwaka wa kuruka katika maisha yake, wa kuruka ni wa mjomba wako, na hakuombi umsamehe leo, leo una kazi ya kulia. Nasiha, kesho asubuhi Dishon atakuja Hifadhini na kalamu, atabandika kikaratasi chake chini ya kile, Shimanzi, nyuma ya ghala, udongo wa kupakwa, na atatia sahihi mbele yako, nawe uwaandikie wote walioambiwa kwamba kosa lilikuwa la Zilpah Kadenge, uwaambie lilikuwa la nani.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia miaka minne, Bimdogo na majirani wa Mji wa Kale kwa uji na dua bila kuuliza ni wa dini gani, Fahmi na wafanyakazi wa Hifadhi, wenzake Jeremy wa gati la Mbaraki walioleta magari, na Nasiha, aliyesema kweli akiwa mdogo pale ambapo mkubwa alinyamaza.

Dada Zilpah, pumzika kwa amani, hukumuuliza, naye amejibu umekwisha kuondoka.