Mzee Akilimali na Safari Mbili za Jumamosi

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kutunza chumba cha kusomea cha mtaa wetu wa Jabe, Mzee Akilimali anastaafu tarehe 31 Desemba 2003. Nimeombwa niandike maneno ya kuchangamsha sherehe. Nitajitahidi, ingawa aliyeniomba anajua kwamba mwaka wenyewe, wa vita na mabomu, haukunisaidia.

Alianza kazi mwaka 1974 kwa kushona vitabu vilivyochanika, na haikuchukua muda akawa yeye ndiye chumba chenyewe. Vitabu vyetu vingi ni vya Kifaransa, na wasikilizaji wake walikuwa mafundi wa magari, wauza vitenge na wanafunzi wachache. Basi kila Jumamosi mchana alishika Kifaransa mkononi, Kiswahili kikamtoka mdomoni bila kusita. Kinyozi Hamissi, jirani yetu, aliwahi kumwacha mteja na nusu ya ndevu ili aje kusikia kama joka la hadithi limekufa. Mteja alimfuata na povu lake usoni, wakakaa wote wawili hadi mwisho.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kulinganisha safari mbili. Wiki moja alisoma hadithi ya kubuni, yenye wachawi na mapanga yanayong'aa. Wiki iliyofuata alisoma kitabu cha mtu anayesimulia maisha yake mwenyewe, kisha mjadala ukaanza. Alitufundisha kwamba shujaa wa kubuni huitwa safarini na ndege au ndoto, ilhali mtu wa kweli huitwa na milio ya bunduki, na haulizwi kama yuko tayari. Shujaa wa kubuni hukutana na msaidizi njiani. Mtu wa kweli hukutana na kizuizi cha barabarani, na vijana wanaotaka aseme baba yake ni nani, wajue kabila lake. Lakini wote wawili, alisema Mzee, hurudi nyumbani na kitu mkononi. Ndiyo maana alifunga kila kikao kwa desturi yake: kila msikilizaji ataje kitu ambacho angekwenda kukitafuta na kurudi nacho. Hapo tulicheka sana. Fatouma, muuza maandazi, kila mara alitaja mume mwingine.

Mwaka 1995 kicheko kilikatika. Libère, kijana wa chuo, alikuwa amekimbia na mama yake Dative kutoka mitaa ya kaskazini ya mji, kulikokuwa na mauaji ya kikabila, wakahifadhiwa hapa Jabe. Zamu yake ilipofika alisema angerudi na picha ya marehemu baba yake, iliyobaki ukutani kule kwao. Tukampigia makofi kama kawaida. Jumatatu alikwenda kuichukua. Hatukumwona tena, wala maiti yake hatukuipata.

Desturi ile Mzee aliikomesha wiki hiyohiyo. Dative yeye hakuacha kuja. Alikaa benchi la mbele miaka yote, akisikiliza, hadi Julai hii, wiki ile mabomu ya waasi yalipoangukia mtaa wa Kinanira, ndipo akauliza: "Mzee, mu vitabu vyako vyote, mwenye kutoka anarudi. Hadithi ya mutoto wangu iko wapi?"

Mzee aliziangalia rafu zake. Siku chache baadaye alituambia kwamba miaka yote hiyo alikuwa amelinganisha vibaya. Hadithi ya kubuni humrudisha shujaa kwa sababu mtunzi amependa iwe hivyo. Kitabu cha maisha humrudisha kwa sababu anayeandika ni yule aliyepona. Waliobaki njiani hawana rafu. Maneno hayo yalituumiza.

Akamwahidi Dative kwamba ataiandika safari ya Libère kabla hajastaafu. Aliandika na kuchana, akaandika na kuchana. Mkono wake ulikuwa umezoea hadithi, na kila mara ulimfikisha kijana mlangoni kwao, picha kwapani, mzima wa afya. Jumamosi ya mwisho alisimama mbele yetu akasema ameshindwa, na machozi yakamtoka mtu mzima. Dative ndiye aliyemtuliza.

"Apana kulia, mzee. We andika tu vile alitoka mu nyumba. Mi sitaki umurudishe, sababu hakurudi."

Aliandika palepale, sisi tukingoja. Ni ukurasa mmoja. Libère anafunga kamba za viatu, anamuaga mama yake, anatoka. Hakuna zaidi ya hapo, na ni kazi bora kuliko zote alizotufanyia.

Mzee Akilimali, asante kwa sauti yako na kwa kutotudanganya. Ishi vizuri, kwa kadiri mji huu utakavyokuruhusu. Ukurasa wako tumeubandika ukutani. Dative alisahihisha mahali pamoja tu: Libère hakuvaa viatu. Alitoka na kandambili, kwa sababu alisema hakawii.