Aliyenitazama Nikianguka

“Ukishikwa, mwili wako huanzia wapi kutetemeka?”

Swali hilo niliulizwa na sista mmoja wa kliniki ya magonjwa ya neva, mwanzoni mwa miaka hii ya tisini, nikashindwa kulijibu. Ndugu zangu, wengi wenu mnanijua kwa maswali. Mwenyekiti wa kikundi chetu hiki cha wenye kifafa huniachia niongee mwisho kwa sababu nikianza kuuliza, mkutano hauishi. Nimekuwa hivyo tangu utotoni, na chuo kikuu kilinizidisha. Lakini siku hiyo niliulizwa juu ya mwili wangu mwenyewe nikabaki nimekodoa macho. Ningejuaje? Kila nilipoanguka, watu wote walikuwepo isipokuwa mimi.

Naona yule mama wa pale nyuma anaitikia kwa kichwa. Anajua ninachosema.

Mara ya kwanza ilikuwa Soko la Burma. Chuo kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya mgomo, nikarudi nyumbani, mtaa wa Mbotela, na mama akanichukua tukanunue matumbo kwa ajili ya wageni. Nakumbuka muuza nyama akinoa kisu, na mama akimwambia asitupimie mafuta. Kinachofuata katika kumbukumbu yangu ni leso, kanga za akina mama. Nimelala chini, sketi imelowa, ulimi unauma, na juu yangu kuna leso za kila rangi, kama hema la harusi. Nyuma ya leso naona migongo ya wanawake.

Nyinyi mnaijua desturi hii, lakini niieleze kwa ajili ya wageni. Mtu akianguka mtaani kwetu, wanawake hufungua leso zao, wanazitandaza kama ukuta, na wanampa mgongo. Hakuna anayetazama. Akina mama waliotoka magharibi ya nchi hufanya hivyo, na akina mama wa Kiislamu wenye asili ya pwani hufanya hivyo hivyo. Katika jambo hili sijawahi kuwasikia wakibishana. Ni stara. Wanakulindia heshima. Na chini ya stara hiyo kuna woga, tusidanganyane: atakayetazama mpaka mwisho, ugonjwa utamfuata kwake, na povu likimgusa ndiyo basi. Hata mwanamume aliyenichomekea mpini wa kijiko mdomoni siku ile alikuwa ameangalia pembeni. Pengo hili mnaloliona ni kazi yake. Alitaka kunisaidia, maskini.

Nikaanguka tena nyumbani, na tena nje ya kanisa. Daktari wa kwanza, kijana kama mimi, aliniuliza kama nina mpenzi na kama mitihani imekaribia, kisha akaniandikia vidonge vya kutuliza mawazo. Kanisani wakaniwekea mikono. Sisemi maombi ni mabaya. Mama yangu alisimama kwa maombi hayo. Ila nilimwuliza mhubiri kwa nini pepo huyu haniangushi nikiwa nasikiliza mahubiri marefu, ananingoja mpaka nishike sufuria. Akamwambia mama kwamba hilo ni pepo la usomi, ndilo gumu kuliko yote. Baba alicheka, lakini kicheko hicho hakikudumu.

Kwa sababu siku chache baadaye nilianguka jikoni, mkono juu ya makaa.

Kovu ni hili. Siwaonyeshi ili mnihurumie. Nawaonyesha kwa sababu humu ndani najua tuko wengi wenye kovu la jiko, na nje ya hapa tunavaa mikono mirefu hata kwenye jua kali.

Hospitali walikonifunga kidonda ndiko nilikopelekwa kwa yule sista wa neva. Alikuwa mwanamke mnene, wa sauti ya chini, na hakuniuliza habari za wapenzi. Aliniambia nikamate vidole vyake, mikono yote miwili, nibane kwa nguvu zangu zote. Akanimulika machoni kwa tochi ndogo. Akanifanya nitembee kisigino kikigusa kidole, kama mlevi anayejitetea kwa askari. Halafu akaniambia nifumbe macho na ninyooshe mikono mbele, viganja juu, kama ninayepokea kitu.

“Fungua macho,” akasema. “Tazama mkono wako wa kushoto.”

Ulikuwa umeshuka. Kidogo tu. Mimi nilikuwa na hakika mikono yote iko sawa.

Ndipo akaniuliza lile swali, nami nikamwambia sijui. Akaniuliza kama macho huvutwa upande mmoja, kama nageuza kichwa, kama ninaita jina la mtu. Sijui, sijui, sijui. Hakukasirika. Alinieleza kwamba kuna kifafa kinachochukua mwili wote kwa pamoja, na kuna kinachoanzia mahali pamoja kabla ya kusambaa, na hiki cha pili mara nyingi kina kitu kinachokichokoza ndani ya ubongo. Mkono ulioshuka ulimpa shaka, lakini ulikuwa ndio uleule wenye kidonda cha moto. Daktari mkubwa angesema ni maumivu tu. Kupata picha ya kichwa kulikuwa kugumu, foleni ndefu, na daktari asingeniombea picha kwa shaka peke yake.

“Mgonjwa wa kifafa hawezi kueleza nusu ya ugonjwa wake,” aliniambia. “Niletee mtu aliyekuona. Si aliyesikia. Aliyekuona.”

Nikafikiri hilo ni jambo rahisi. Nimeangukia sokoni, watu wamejaa!

Nilipofika nyumbani nilikuta baba amekata shauri. Yeye alikuwa kibarua Viwandani, mtu wa maneno machache, na neno lake lilikuwa kwamba mwezi ukiisha nitapelekwa ushago, kijijini kwa nyanya yangu, nikae pale mpaka hali itulie. Nikamwambia chuo kinakaribia kufunguliwa. Akasema chuo kitasubiri. Ndugu zangu, nawaambia, nilimjua binamu yangu mmoja aliyepelekwa ushago mpaka hali itulie. Alikuwa amewekewa godoro katika chumba cha nyuma, na wageni walipokuja mlango ulifungwa. Alikuwa hajatoka tangu mimi nikiwa msichana mdogo. Niliona godoro langu kando ya lake.

Siku yangu ya kurudi kliniki ilikuwa inatangulia safari hiyo. Nikaanza kuuliza watu.

Yule muuza nyama wa Burma aliendelea kukata. Akasema yeye ana watoto, aliona naanza kuyumba akageukia ukuta. Vijana wanaokaa kwenye kona ya mtaa walinisalimia vizuri, niaje siste, nikawauliza, wakatazamana. “Siste, usituchukie,” mmoja akasema, “sisi tulihepa.” Shemasi aliyenishika kichwa akiniombea alikuwa amefumba macho, kama inavyompasa. Dada yangu alikuwa amekimbia kutafuta maji. Kila mmoja alikuwa na mahali alipokuwa ameangalia, na hakuna aliyekuwa ameniangalia mimi.

Nilimfikia mama mwisho, kwa sababu niliogopa jibu lake. Alikuwa anachambua sukuma wiki. Nilimwuliza: mama, wewe ulikuwepo mara zote, mkono gani huanza?

“Unataka nimtazame mtoto wangu akijikojolea?” akasema. “Hata mtu baki simtazami hivyo. Mimi nilikusitiri.”

Nilikuwa nimesoma kubishana na kila mtu, lakini utambishia nini mtu aliyekupenda kwa mgongo wake?

Nikakata tamaa. Nikaanza kufunga vitabu kwa kamba. Huo ndio ulikuwa mwisho wangu, na hakuna mtu aliyekuwa na ubaya nami. Hilo ndilo lililonitesa zaidi.

Jioni moja, kabla ya magharibi, aligonga mlango mke wa mwenye duka la pale kwetu. Naomba nisimtaje jina. Alikuwa mama wa Kiislamu, familia yao ya Majengo tangu zamani, mtu mpole, tena mwenye haya. Alituuzia unga na mafuta ya taa kwa miaka lakini hakuwahi kuingia ndani kwetu. Akabisha hodi, akakaa kwenye ukingo wa kiti, akakataa chai. Kisha akamwambia mama:

“Mama, nisamehe. Nimesikia binti yako anauliza. Mimi nilimtazama.”

Mama akaacha alichokuwa akifanya.

“Nilishika leso pamoja nanyi, lakini niligeukia ndani. Burma, na pale nje ya kanisa. Mara zote mbili nilimtazama.”

“Ulimtazama mwanangu?” mama akasema, taratibu, kwa namna ambayo ilinifanya nisimame. “Ulitafuta nini kwake?”

Mgeni hakujibu hilo. Mama akamwambia maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele yenu, kwamba watu wa dukani wanajua bei ya kila kitu na heshima ya mtu hawaijui. Mwanamke yule aliinama, akayapokea yote, na hakuondoka. Mama alipoishiwa pumzi, mgeni alinigeukia mimi akainua mkono wake wa kushoto.

“Kidole gumba kwanza,” akasema. “Kinapigapiga, hivi, kama mtu anayevuta tasbihi. Halafu mkono. Halafu mdomo unavutwa upande huu. Kichwa kinageuka kushoto, na hapo ndipo unaanguka. Mara zote mbili ilikuwa hivyo hivyo.”

Chumba kizima kilimtazama akifanya ishara ile, na mama akafunika uso. Baba, aliyekuwa amekaa kitandani akivua viatu, ndiye aliyemwambia mgeni: “Mama, utakubali kwenda kuyasema hayo hospitali?”

Akasema alikuwa amekuja kwa ajili hiyo.

Kliniki sista alimpokea kama mgeni mwingine yeyote. Alimwuliza maswali yaleyale, naye akajibu bila kubabaika. Kila asilolijua alisema hajui. Sista alitoka akaenda kwa daktari, akarudi naye. Nikapigwa picha ya kichwa. Upande wa kulia wa ubongo, ule unaoongoza mkono wa kushoto, palikuwa na kidoa. Kimeachwa na mnyoo. Ndiyo, mnyoo wa nguruwe; mayai yake huingia kwa chakula au maji yaliyochafuliwa, hata kama hujawahi kula nguruwe. Nilimwambia mhubiri baadaye kwamba tulikuwa tumebishana kuhusu pepo wakati mwenyewe ni mnyoo. Akasema tumshukuru Mungu kwa yote. Kwa hilo sikubisha.

Nikapewa dawa, na sista akamwita mama na baba akawafundisha. Alinilaza ubavu kitandani kuwaonyesha. Usitie kitu mdomoni. Usimkandamize. Ondoa jiko, ondoa kisu, legeza nguo shingoni. Leso ikunjwe iwekwe chini ya kichwa. “Na umtazame, mama,” akasema. “Ameanza wapi, amechukua muda gani, anapumuaje. Ukigeuka, hakuna anayemlinda.”

Sitawadanganya kwamba mambo yalinyooka. Dawa za kwanza zilinilewesha, nikalala kwenye mihadhara. Mwanamume aliyetaka kunioa alipoambiwa alitoka kwenda kununua sigara, na mnaweza kukisia kama alirudi. Kuna nyumba hadi leo ninakopewa kikombe changu peke yangu. Na bado naanguka, si mara nyingi, lakini naanguka. Kila asubuhi ninapomeza kidonge najiuliza kama leo ndiyo siku.

Lakini nilirudi chuoni, nikamaliza. Na kuna mara moja, kabla dozi haijakaa sawa, nilizinduka sakafuni nyumbani nikiwa nimelala ubavu. Juu yangu hapakuwa na leso. Palikuwa na uso wa mama yangu, umelowa machozi, karibu kabisa na wangu, macho wazi.

“Umeanza na kidole gumba,” akaniambia. “Nimeona yote. Sikugeuka.”

Nilikuwa sijawahi kuona mtu akiwa na hofu kiasi kile na bado amebaki pale alipo. Kwangu mimi, kupona kulianzia hapo.

Nawashukuru nyinyi wa kikundi hiki, ambao mmenishika kichwa kwenye sakafu ya ukumbi huu. Namshukuru yule sista, aliyejua kuuliza. Nawashukuru wazazi wangu. Na kama mtachukua kitu kimoja kutoka kwangu, mimi ambaye siamini mambo mengi, chukueni hili: mtu wenu akianguka, msimpe mgongo. Heshima mtamrudishia akishaamka. Kwa dakika zile anahitaji macho yenu, kwa sababu ya kwake hayaoni.

Nimebakiza neno moja, na binti wa mhusika ameniruhusu niliseme.

Yule mama wa dukani alifariki mwaka jana. Tulipokuwa tukikunja mikeka baada ya matanga, binti yake alinivuta kando. Aliniambia mama yake alikuwa na kifafa tangu usichana. Mume wa kwanza alimwacha kwa sababu hiyo, na wa pili, yule tuliyemjua, alifichwa mpaka mwisho. Sista alikuwa akimtibu kwa siri kliniki ileile, na siku ile nilipompeleka walijifanya hawajuani. Nikamwuliza binti yule swali ambalo mama yangu aliwahi kuuliza bila kujibiwa: alitafuta nini kwangu?

Akasema mama yake alikuwa ameanguka maisha yake yote na hakuwahi kumwona mtu mwingine akianguka. Alitaka kujua yeye huonekanaje.