Mama Nzigire na Duka la Bailey

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, Mama Odette Nzigire atavua aproni ya kijani ya maduka ya Cubaka kwa mara ya mwisho. Amekuwa nasi miaka kumi na minane. Alipoanza, kampuni yote ilikuwa gari moja bovu na chumba kimoja cha kufungashia unga hapa Buffalo. Leo tuna kiwanda, maduka katika miji mitatu, na mfumo wa kompyuta unaojua samaki wa Louisville wana baridi kiasi gani. Wengi wenu mmeajiriwa baada ya mabadiliko hayo, na huenda mkadhani yalishuka yenyewe. Hayakushuka. Yalibebwa, na mmoja wa wabebaji ni huyu tunayemuaga.

Mama Nzigire ni mzaliwa wa Kabare, karibu na Bukavu. Aliuza vitenge katika soko la Kadutu mpaka vita vilipomng'oa. Mzee Anicet Cubaka, mwenye kampuni, alimwajiri mwaka 2007 ili apime unga wa muhogo kwa mkono na kuufunga katika mifuko. Mzee anapenda kusimulia kwamba alimuuliza kama anajua kutumia mizani, naye akajibu kuwa kule Kadutu asiyejua mizani hulala njaa. Alipewa kata ya kuchotea unga siku hiyohiyo.

Baadaye alihamia duka letu la Bailey Avenue akiwa keshia, kisha akawa meneja wake. Duka la Columbus lilipofunguliwa kule Morse Road mwaka 2014, ni yeye aliyekwenda kukaa huko majira mazima ya kiangazi kuwafundisha wafanyakazi wapya kupanga bidhaa na kutambua mafuta ya mawese yaliyochakachuliwa. La Louisville lilipofuata, alifunga sanduku tena. Mpaka leo Chebet, msimamizi wa duka la Louisville, akipokea mzigo huufungua kwanza upande wa chini, kwa sababu Mama Nzigire alimwambia kwamba mwenye kuficha kitu kibovu hakiweki juu.

Mashine zilipoanza kuingia, hakuzikimbia wala hakuzisujudia. Skana ya kaunta aliipa jina la Kasuku, kwa kuwa inasema neno lilelile kwa kila inachoonyeshwa. Kiwandani ilipofungwa mizani inayopima, kufunga na kubandika lebo yenyewe, alisimama mbele yake, akasema, "Bon. Sasa mikono yangu itapumuzika, lakini macho hapana." Mwaka 2020, watu walipojifungia ndani kwa hofu ya ugonjwa na oda zikaanza kuja kwa simu, duka la Bailey ndilo lililokuwa la kwanza kupeleka mizigo milangoni.

Kisha vikaja vihisi joto vya mafriza, vinavyopiga kengele kwenye simu ya meneja. Kwa kuwa ndiye aliyevielewa mapema, alikubali kengele za miji yote mitatu zije kwake. Jumapili moja, katikati ya mahubiri, simu yake ililia kwa nguvu. Mchungaji akamtazama. Mama Nzigire akasimama, akasema kwa adabu, "Ni samaki, Pasteur," akatoka nje. Waliokaa karibu na dirisha walimsikia akimpigia Chebet aliye Louisville, mwendo wa zaidi ya saa nane kwa gari: "Chebet! Mulango ya friza iko wazi! Bon, miye niko mu kanisa, weye uko wapi?" Samaki waliokolewa. Tangu siku hiyo mchungaji huwaomba waumini wote wazime simu, isipokuwa mmoja.

Tusimfanye malaika. Krismasi moja programu ya kukadiria mauzo ilimshauri aagize sombe kidogo kwa ajili ya Columbus. Yeye akaagiza nyingi, kwa moyo wake. Mwezi uliofuata friza za Morse Road hazikufungika kwa majani ya muhogo. Alimwandikia Kibet, mtaalamu wetu wa kompyuta, kijana wa Kenya aliyekuja Columbus kusoma chuo na akabaki: "Mashini imenishinda. Sasa mutakula sombe mupaka Pasaka." Kibet ameuhifadhi ujumbe huo. Anasema ndio uliomfanya amwamini, maana mtu anayekubali kushindwa na mashine akiwa amekosea, siku atakaposema mashine imekosea inafaa kumsikiliza.

Siku hiyo ilifika majira ya baridi ya mwaka 2023, na ndiyo sababu hasa ya makala haya kuwa marefu kuliko kawaida ya jarida letu.

Mnajua kwamba mteja akilipa kaunta hutaja namba ya simu, akapata pointi. Mpango huo ulianzishwa ili kampuni ijue nani ananunua nini, na kiwanda kifungashe kinachohitajika badala ya kubahatisha. Katika maduka mengine ulikwenda vizuri. Huku Bailey, akina mama wa kikundi cha kanisa waliuangalia, wakaujadili, wakaamua jambo ambalo aliyeuandika mfumo asingeliwaza kamwe: wote watataja namba moja, ya Mama Josiane, mshika mfuko wao. Walikuwa wamezoea kununua pamoja, mmoja kwa zamu akienda dukani kwa niaba ya wengine, na mzigo ukigawanywa Jumamosi katika chumba cha chini cha kanisa. Sasa na pointi zingekaa pamoja. Zisingeguswa kwa sukari wala sabuni. Zingengoja msiba. Likitokea la kutokea, mchele na mafuta ya matanga yangetoka humo, na wafiwa wasiombe mtu.

Kwa macho ya mfumo, basi, katika mtaa wa Kensington-Bailey aliishi mwanamke mmoja mwenye tumbo la ajabu. Ulimtumia salamu za mteja bora. Ulimpa kuponi ya pakiti ndogo, ya mtu anayeishi peke yake. Mama Josiane alikuwa akiwaonyesha wenzake ujumbe huo, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Kicheko kilikatika Januari, alipofariki mzee wao mmoja. Mama Josiane alikuja dukani kutoa pointi zote kwa mkupuo. Mfumo ukaona mtu anakomba akaunti nzima kwa siku moja, ukaifunga, ukaandika kwamba imesitishwa kwa usalama wa mteja. Foleni ilikuwa ndefu, na watu walisoma maneno hayo kwenye kioo. Mama Nzigire hakubishana na kioo. Alitumia namba yake ya siri ya umeneja, akautoa mzigo kinyume cha utaratibu, akausindikiza hadi kwenye gari. Asubuhi alimpigia Mzee Cubaka mwenyewe, ili aisikie habari kwake kabla ya kuisikia kwa mfumo.

Lakini mfumo ulikwisha kuandika. Februari ulitoa ushauri wake wa mwaka: duka la Bailey lina wateja wachache mno, na lina dosari ya kutoa mizigo bila idhini, lifungwe mara mkataba wa pango utakapokwisha Machi, bidhaa zihamishiwe Columbus, na Buffalo ibaki na kiwanda tu. Wafanyakazi saba walikuwa wapoteze kazi, yeye akiwa wa kwanza. Wazee wanaokuja kwa miguu katika theluji walikuwa wapoteze duka pekee ambalo wanaweza kuuliza bei kwa lugha yao. Wengi wetu katika kampuni hii tuliwahi kuacha duka, shamba au darasa bila hata kupata nafasi ya kufunga mlango. Kwetu sisi habari ya duka kufungwa haikuwa mstari kwenye ripoti.

Mzee Cubaka hakufurahia, lakini benki inayoikopesha kampuni huamua kwa michoro ya ripoti hiyo. Alikuja Bailey, akakaa juu ya gunia la mchele kama zamani, akamwambia mbele yetu, "Nzigire, miye minakuamini. Lakini banki haikujui. Banki inajua ile michoro." Akampa mpaka mwisho wa mwezi aonyeshe kwamba ripoti imekosea.

Sisi tuliokuwepo tulidhani atadai mfumo uzimwe. Mwenyewe anakiri ndilo lilikuwa wazo lake la kwanza: turudi kwenye kalamu na karatasi. Ila wiki hiyohiyo Kibet alimpigia simu kutoka Columbus, akitafuta maelezo ya ile ripoti, akauliza kwa utani wake wa Kikenya, "Mama, huyu kastoma wenu mmoja ni nani? Anakula kama boarding school!"

Mama Nzigire akamjibu, "Kuja siku ya posho. Utamuona weye mwenyewe." Siku ya posho, kwa watu wa Kivu, ni Jumamosi.

Kibet akaendesha gari kupitia Cleveland na Erie, theluji ikipiga kioo cha gari, akafika. Mama Nzigire alimshusha kwenye ngazi za kanisa bila maelezo. Chini alikuta magunia yamefunguliwa, unga ukipimwa kwa kopo, mawese yakimiminwa, ndagala, yaani dagaa, wakigawanywa kwa bakuli, na akina mama wamejipanga kila mmoja na beseni lake. Mama Josiane alipoambiwa huyu ndiye mtu wa kompyuta, aliweka kopo chini.

"Ni weye? Mashini yako ilinitukana mbele ya batu, donc, ati miye mwizi, na mufu hatuyamuzika!"

"Pole sana, Mama. Kosa ni letu."

"Bon. Kama umekuja kuomba musamaha, usisimame bure. Shika beseni."

Akashika. Alishika mabeseni mpaka magunia yakaisha, koti lake jeusi likawa jeupe kwa unga. Baada ya hapo aliketi kwenye benchi, akala alichopewa, akamgeukia Mama Nzigire: "Mama, hii ni chama. Mama yangu ako na chama Eldoret mpaka leo. Mimi nimelipiwa school fees na chama! Sasa mbona niliandika system ya mtu mmoja mmoja?"

Mama Nzigire anasimulia kwamba hapo ndipo alipoachana na wazo la kalamu na karatasi. Kijana alikuwa ameshaona. Kilichobaki kilikuwa kazi, na wakaifanya wote wawili, yeye akieleza watu wanavyonunua na Kibet akieleza mashine inavyoona. Jioni ile, kwenye meza ya kanisa, ikazaliwa akaunti ya kikundi: namba moja, lakini ndani yake kila nyumba ikionekana, pointi katika mfuko mmoja, oda moja, gari moja, siku moja.

Ripoti ya Bailey ilipotolewa upya mwishoni mwa mwezi, yule mwanamke mwenye tumbo la ajabu alikuwa amegeuka mtaa mzima. Mzee Cubaka aliupeleka mchoro mpya benki, na mkataba wa pango ukatiwa saini.

Yaliyofuata mnayajua, kwa kuwa ndiyo yanayotulisha. Vyama vya Wakenya vya Columbus, vikundi vya kuchangiana kama hicho, vilijiunga, kisha vya Louisville, na unga wa mahindi ukaanza kutoka kwa shehena. Kwa kuwa vikundi huagiza mapema, kiwanda chetu kinajua katikati ya wiki kitakachotakiwa Jumamosi; unga hauzeeki ghalani tena, na zamu ya pili ya kiwandani, iliyowaajiri vijana wetu wengi, imetokana na hilo. Wanaotutembelea siku hizi huuliza tulinunua programu gani kutoka kampuni gani. Tunawaonyesha chumba cha chini cha kanisa.

Jambo moja dogo tunaomba lisisahaulike. Kikundi kikitoa pointi zake zote kwa siku moja, mfumo haufungi tena akaunti. Unatuma ujumbe ambao Mama Nzigire aliutunga mwenyewe, na Kibet akakataa kuubadilisha hata herufi: "Poleni sana. Gari lije saa ngapi?" Wengi wetu tumekwisha kuupokea katika siku zetu ngumu. Tunajua uzito wake.

Mama Nzigire, tunakushukuru kwa mizani, kwa kengele za samaki, hata kwa ile sombe. Tunakushukuru kwa kutufundisha kwamba mashine ikituona vibaya, dawa ni kuitengenezea macho. Chebet na wenzake wa Louisville wamechukua kengele za friza. Kanisani sasa utasikia mahubiri hadi mwisho, Mungu akusaidie. Tunakuombea miguu isiyochoka, usingizi usio na zamu, na wajukuu watakaokujibu kwa Kiswahili walau siku za sikukuu.

Na kuanzia Julai wewe ni mteja. Mama Josiane ameshaliandika jina lako katika kikundi, nyumba yako ikihesabika kama nyingine yoyote. Jumamosi shuka na beseni lako. Duka liko wazi.

Liberati Sebineza
Idara ya Kupokea Mizigo, Buffalo