Saengda Panyawong, Mkono Ulioandika ya Wengine

Saengda alizaliwa tarehe 3 Juni 1962 kijijini San Pasak, wilaya ya Mae Chan, mtoto wa nne wa mzee Tan na bibi Khamnuan. Shule aliishia darasa la nne, 1973, akaingia shambani kwenye mpunga. Ila mwandiko wake ulikuwa safi, na huo ndio uliokuja kumponza.

Mwaka 1984 aliolewa na Inkaeo, fundi wa pampu za maji. Wakapata Mayuree na Phuwadon. Inkaeo alitangulia 2009.

Tangu 1998 Saengda alikuwa mhudumu wa afya wa kujitolea. Alichungulia mitungi ya maji kutafuta viluwiluwi vya mbu, akapima watu presha. Alikuwa akicheka: "Muulize mtu habari za mwanawe, namba zinaruka kabla hajajibu."

Mwaka 2021 wilaya ilileta programu ya simu ya kuripoti wauza vidonge vya yaba, dawa ya kulevya, na vijana wanaotakiwa kutibiwa. Tukaambiwa ni siri, anayeripoti hajulikani. Siri gani, na wazee wengi hawana simu ya maana, na wenye nazo hawaoni herufi? Wote walikwenda kwa Saengda. Wao wananong'ona, yeye anabonyeza simu yake. Wauzaji watatu walikamatwa, vijana tisa wakapelekwa kutibiwa, na kijiji kizima kikaanza kumtazama kwa jicho la pembeni. Akipita, madirisha yanafungwa. "Nyamazeni, Kamera inapita!" Hata wale aliowaandikia walisema hivyo, tena kwa sauti kubwa kuliko wengine.

Februari 2022 alikuja mtu mmoja.

"Dada Saengda, niandikie jina."

"La nani?"

"Phuwadon."

"Phuwadon yupi?"

"Wa kwako."

Akauliza, "Umemwona kwa macho yako?"

"Mara tatu, nyuma ya kinu cha mpunga."

Akaandika. Akatuma. Mtu akanywa maji, akaaga. Hayo alimsimulia mdogo wake Bualai, ila jina la huyo mtu alilimeza.

Phuwadon alikaa matibabuni miezi minne, akarudi mzima. Swali lake la kwanza, hata viatu hajavua: "Mama, ni wewe?"

"Mkono ni wangu."

"Na mdomo?"

"Mdomo si wangu, na mwenyewe simtaji. Kula, wali unapoa."

Alikula. Lakini kwa miaka miwili hakumaliza sahani bila kuangalia nani anapita njiani. Nyumba tano aliacha kuzisalimia. Hekaluni alikaa nyuma kabisa, apate kuona visogo vya watu. Mama yake alijua, na bado hakusema.

Januari 2024 Saengda aligundulika ana saratani ya ini. Phuwadon ndiye aliyemuogesha na kumlisha mpaka siku ya mwisho. Mama alifariki nyumbani Ijumaa, tarehe 9 Agosti 2024, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, akiwa na miaka 62.

Katika siku hizi tatu za msiba, watu saba wamemvuta Phuwadon pembeni. "Pole sana, mwanangu. Mama alikuwa mtu. Eti, ile simu yake iko wapi?"

Simu anayo, na namba ya kuifungulia anaijua. Mama yake mdogo Bualai alimwambia, "Si ulitaka kumjua? Kila aliyekuja ameandikwa humo. Ifungue basi."

"Nikimjua nitamfanya nini, Mama Mdogo? Nitamshukuru au nitampiga? Mwenyewe sijui. Bora nisifungue."

Alitaka iungue na mama yake, ila mtunza tanuru la kuchomea maiti amekataa betri. Kwa hiyo wasifu huu ukimaliza kusomwa, Phuwadon ataivunja kwa nyundo hapa mbele ya jeneza. Asiyeamini asogee aone.

Saengda ameacha watoto wawili, Mayuree na Phuwadon, wajukuu wawili, na mdogo wake Bualai. Familia inaomba, kabla ya moto, aliyemkosea amwombe radhi, na aliyekosewa naye amsamehe.

Mama Saengda, pumzika kwa amani. Hatukuulizi tena.