Chumba cha Juu, Mwezi wa Agosti

NIKITAS: Haloo? Nani mwenzangu?

MARUSA: Ni mimi, dada yako.

NIKITAS: Dada yangu yupi?

MARUSA: Kwani unao wangapi, Nikitas?

NIKITAS: Aa, Marusa. Namba ngeni hii, nikadhani ni mtu anatafuta chumba. Habari za Ujerumani?

MARUSA: Nzuri. Napiga kwa simu ya kazini, nimejificha stoo ya unga. Mama hajambo?

NIKITAS: Hajambo. Yupo uani anaanika mashuka. Ngoja nisogee ukutani, hapa mtandao una— (mkwaruzo) —unanisikia?

MARUSA: Sasa nakusikia. Sikiliza, sina muda. Bosi anataka tarehe za likizo leo hii, kabla hatujafunga. Asiyetaja tarehe anapangiwa. Nije lini?

NIKITAS: Kuja huku kwetu kisiwani?

MARUSA: Hapana, kwenda mwezini.

NIKITAS: Si nauliza tu. Shemeji hajapanga? Juzi kanitumia michoro ya rangi rangi, joto la hewa, joto la maji, mvua. Nimezaliwa hapa na sikujua ufukwe wetu una mambo yote yale.

MARUSA: Detlef ndivyo alivyo, hata viatu hanunui bila mchoro. Anasema majira mazuri ya likizo huko ni Mei, au Septemba mwishoni.

NIKITAS: Mjerumani kapatia. Mei milima ingali kijani, na Septemba—

MARUSA: Na shule ya watoto? Wao wanafunga Julai na Agosti, basi.

NIKITAS: Julai jua halifai. Mwaka jana kilima cha nyuma kiliungua, tulilala tumevaa viatu.

MARUSA: Basi Agosti kama siku zote. Watoto wataona sikukuu ya Mama Maria, watacheza uwanjani—

NIKITAS: Agosti kuna upepo, dada. Viti vya mkahawani viliishia baharini.

MARUSA: Kila mwezi una kasoro leo. Hutaki nije?

NIKITAS: Sijasema hivyo.

MARUSA: Sasa unasema nini? Nina unga mpaka kwenye nyusi, nimeacha mikate ndani ya tanuri, na wewe unanihesabia viti.

NIKITAS: Njoo Januari.

MARUSA: Januari tena? (anacheka) Kuona nini? Mkahawa umefungwa, duka limefungwa, hata paka wamekwenda kwa ndugu zao.

NIKITAS: Njoo Januari, Marusa.

MARUSA: Mbona sauti yako hivyo?

NIKITAS: Unakumbuka mlivyoshuka melini mwaka jana?

MARUSA: Nitasahau vipi? Mama alikuwa mbele ya wenye vyumba wote wanaosubiri wageni, na kibao chake cha "Vyumba" kifuani. Akanishika mkono, "Mwanangu, unatafuta chumba? Kisafi, kinaangalia bahari." Nilicheka mpaka nikakaa juu ya sanduku. Mama na vituko vyake—

NIKITAS: Hakikuwa kituko.

(mkwaruzo)

MARUSA: Rudia, hapa hapashiki vizuri.

NIKITAS: Panashika. Umenisikia.

MARUSA: Alitupeleka hadi bafuni. Akanionyesha maji ya moto yanafunguliwaje. Mimi, niliyekulia humo. Nikasema anaigiza kumchekesha Detlef.

NIKITAS: Na mimi nikakuacha useme hivyo.

MARUSA: Wiki nzima, Nikitas?

NIKITAS: Ningekwambia nini, na watoto wako pale wanamkumbatia? Alikuwa anafurahi. Aliniuliza jikoni, "Hawa watoto wa wapangaji mbona wananipenda hivi?"

MARUSA: Usiniambie hayo.

NIKITAS: Haya.

MARUSA: Nilijua. Siku ya kuondoka nilijua. Alisema, "Karibuni tena, waambieni na rafiki zenu." Nikaingia bafuni nikalia. Kwenye meli nikajiambia ni uchovu tu wa Agosti. Mtu mzima mimi, najidanganya kama mtoto.

NIKITAS: Sote tulijidanganya.

MARUSA: Na Januari inahusu nini?

NIKITAS: Unakumbuka tulivyokua. Kiangazi nyumba haikuwa yetu. Wageni juu, sisi chini stoo na magunia ya vitunguu, na ole wako ukipanda ngazi bila kugonga.

MARUSA: Nilikuwa nagonga mlango wa chumba changu mwenyewe.

NIKITAS: Basi hilo ndilo lililombakia kichwani. Kiangazi, kila anayepanda ngazi ni mpangaji. Hata mimi ni mpangaji. Ananiita "kijana", ananiuliza kama nimelala vizuri. Wageni wakiisha, tukichuma zeituni, tukifunga madirisha na kuhamisha vitanda vyetu juu, anaanza kuturudia. Asubuhi moja anaamka ananitukana kwa jina langu kamili. Hapo najua kiangazi kimekwisha.

MARUSA: Daktari anasemaje?

NIKITAS: Anasema ni uzee na hakuna dawa yake. Anasema tumshukuru Mungu kwa anayoyakumbuka.

MARUSA: Na bado anarudi? Kila baridi?

NIKITAS: Anarudi, ila anachelewa. Zamani ilikuwa mara tu baada ya zeituni. Halafu ikawa mpaka Krismasi ipite. Baridi hii tuliyotoka, alirudi siku za ndege mdiria tu, pale katikati ya baridi bahari inapotulia na jua linatoka. Alikaa kizingitini na sweta la baba. Akaniambia, "Nikitas, Marusa mbona hapigi simu?"

MARUSA: Nilipiga.

NIKITAS: Ulipiga. Upepo ulikuwa umesharudi, naye keshatupotea tena.

MARUSA: Basi nitakuja siku hizo. Nije peke yangu, Detlef abaki na watoto. Nimwambie bosi tarehe ngapi?

NIKITAS: Hilo ndilo tatizo, dada. Hazina tarehe. Zinaweza kuja kabla ya Krismasi, zinaweza kuja Februari, kuna mwaka hazikuja kabisa. Unaamka tu unakuta bahari imelala.

MARUSA: Yaani nimwambie mwenye tanuri, nipe ruhusa siku bahari ya kwetu itakapolala.

NIKITAS: Mwambie.

MARUSA: Ataniambia nikalale nayo mazima.

NIKITAS: Bahati nasibu basi. Chagua wiki moja ya Januari—

MARUSA: Nilishachagua moja, au umesahau? Nilifika mpaka bandari ya Pireo. Meli zote zimefungwa kamba, upepo unapuliza, jina la kisiwa chetu liko ubaoni na mstari mwekundu juu yake. Nikakaa na sanduku la zawadi mpaka likizo ikaniishia pale pale bandarini. Nikarudi na zawadi zenu.

NIKITAS: Najua. Mama alikuwa ameturudia siku zile. Alikuwa amekupikia supu ya ndimu.

MARUSA: Hukuniambia.

NIKITAS: Ningekwambia ili iweje?

MARUSA: Nikitumia likizo Januari nikaikosa meli, Agosti sina, watoto hawamwoni kabisa. Nikija Agosti, nakuja kwa mtu asiyenijua. Nataka aniite jina langu mara moja tu. Siombi kingine. Hata akinitukana.

NIKITAS: Sijui nikushauri nini, dada yangu. Kweli sijui.

MARUSA: Acha kukodisha. Funga vyumba mwaka huu, asione mgeni hata mmoja.

NIKITAS: Nimejaribu mwezi uliopita. Nikaficha kibao juu ya kabati. Meli ilipopiga honi akashuka bandarini na ubao wa kukatia mkate, ameukumbatia hivi, anawaita watu. Ubao mtupu, Marusa. Watu walimcheka. Nikamrudishia kibao chake.

(mkwaruzo mrefu)

NIKITAS: Upo?

MARUSA: Mpe simu.

NIKITAS: Dada—

MARUSA: Mpe, nimekwambia.

NIKITAS: Nitampa. Ila usimwambie wewe ni nani. Ukimwambia anatetemeka, anaomba radhi siku nzima na hajui anaomba kwa lipi. Niahidi.

MARUSA: Sitamwambia.

NIKITAS: Mama. Mama, simu yako hii. Kuna mtu anauliza chumba.

(kelele za kuku, mkwaruzo)

MAMA: Haloo. Vyumba vipo, karibu.

MARUSA: (kimya)

MAMA: Haloo? Sema tu mwanangu, usiogope, nitaongea polepole.

MARUSA: Shikamoo, mama.

MAMA: Marahaba. Una adabu wewe. Unatokea wapi?

MARUSA: Ujerumani.

MAMA: Na lugha yetu unaijua hivyo? Binti yangu yuko huko, anaoka mikate. Huenda umeshakula mikate yake.

MARUSA: Huenda. Mama, nataka kuja likizo na sijui nije majira gani.

MAMA: Umefanya vizuri kuniuliza mimi. Hao wa mkahawani watakwambia Agosti, wanataka kukuuzia soda. Wewe unapenda nini, maji au maua?

MARUSA: Vyote.

MAMA: Vyote hupati. Maua, njoo baada ya Pasaka, ila bahari itakuuma miguu. Maji, njoo Septemba. Tini zimeiva, upepo umechoka, na kelele za watu zimepungua. Mimi mwenyewe naoga Septemba.

MARUSA: Nina watoto. Mimi napata Agosti tu.

MAMA: Agosti. Ee. Agosti chumba kile cha juu chenye roshani sina.

MARUSA: Kimeshachukuliwa?

MAMA: Hakichukuliwi kile. Ni cha binti yangu. Kila Agosti namshikia.

MARUSA: Na huwa anakuja?

MAMA: Ana kazi nyingi, maskini. Mwaka jana nilisubiri kila meli. Mwisho nikampa mwanamke mmoja aliyeshuka na mume Mjerumani na watoto wawili weupe kama jibini. Roho iliniuma kumpa, lakini nilimwona amechoka.

MARUSA: Walikuwa watu wazuri?

MAMA: Sana. Lakini yule mwanamke alilia siku ya kuondoka. Alifunga mlango wa bafuni, nikamsikia. Mpaka leo najiuliza nilimkosea nini. Labda godoro.

MARUSA: Hukumkosea, mama.

MAMA: Unajuaje wewe?

MARUSA: (mkwaruzo) Nasema... mtu akilia akiondoka, ni kwamba alipapenda.

MAMA: Pengine. Kitanda alikitandika, kona amezikunja kama ninavyozikunja mimi. Wapangaji hawatandiki. Nilikaa juu ya kile kitanda nikakitazama.

MARUSA: Na nikija baridi je? Nikija Januari?

MAMA: Baridi hatupokei wageni, mwanangu. Tunafunga. Baridi ni ya wenyewe.

(kimya)

MAMA: Umekasirika?

MARUSA: Hapana, mama. Sijakasirika.

MAMA: Nina kile cha nyuma. Kinaangalia kuku, lakini kina kivuli, na watoto wataokota mayai asubuhi. Nikushikie?

MARUSA: Nishikie.

MAMA: Kwa jina gani?

MARUSA: Marusa.

MAMA: Ona sasa. Na binti yangu ni Marusa. Basi Agosti mtakutana hapa, nitawapikia kahawa mkae wote wawili. Yeye ana maneno mengi, lakini mtapatana. (honi ya meli) Meli hiyo. Naenda, mwanangu, wenzangu watanitangulia. Kijana. Njoo uchukue simu yako, kijana.

(mkwaruzo, hatua)

NIKITAS: Haloo? Dada? Ameshashika kibao, lazima nimfuate, zile ngazi zina mchanga. Amekwambia nini?

MARUSA: Kaniambia majira mazuri ya likizo.

NIKITAS: Unalia?

MARUSA: Ni unga. Bosi ananiita. Naja, naja. Nikitas, Agosti. Tandika kile cha nyuma.

NIKITAS: Cha nyuma wanne mtaenea wapi? Cha juu kitakuwa wazi mwezi mzima, dada, mbanane na kuku kwa—

MARUSA: Cha juu kina mwenyewe.

NIKITAS: Nani?

MARUSA: Mfuate mama. Kimbia, asije akateleza. Na ukipanda, fungua madirisha ya chumba kile, kipate hewa kabla mwenyewe haja—

(simu imekatika)