Mama Pindo, Aliyetibiwa Hatua Mia Tatu Kutoka Mlangoni Kwake

Marehemu dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa pili kati ya watoto watano wa baba seremala na mama mkunga. Jina la Mama Pindo alilipata ukubwani, lakini ubishi alizaliwa nao.

Alianza shule ya msingi mwaka 1968 na kumaliza darasa la saba mwaka 1974. Hesabu za ubaoni zilimpiga chenga, ila ukimpa futi kamba hakuna aliyemshinda. Alisomea ushonaji kwa miaka miwili, na mwaka 1977 akafungua kibanda chake jirani na shule, akawa anashona sare. Kila sketi aliiachia pindo la vidole vinne, kwa kuwa watoto hurefuka na wazazi hawana haraka ya kununua nyingine. Wanafunzi ndio waliombandika jina.

Tarehe 6 Agosti 1983 aliolewa na fundi mwashi aliyekuja kupunguziwa suruali. Bwana huyo alirudi na suruali ileile mara nne. Ilipokaribia kuwa kaptura, Mama Pindo alimwambia aseme shida yake kabla hajabaki uchi. Walijaliwa mabinti wawili na mwana mmoja. Mwaka 2015 mumewe alipata kiharusi, akapooza upande wa kulia. Tangu hapo mkewe ndiye aliyemwogesha, akamnyoa ndevu na kumgeuza kitandani, huku akimtania kwamba sasa hana pa kukimbilia.

Mwezi Mei 2018 alijishonea gauni la harusi ya binti yake mkubwa, likakataa kumkaa kifuani upande wa kushoto. Fundi ni fundi, akalaumu mkato. Alilifumua mara tatu. Mdogo wake, anayewasomea wasifu huu, alikuwa akimshikia pini ndipo mkono ukagusa uvimbe.

"Dada," alimwambia, "gauni halina kosa."

Mwezi Juni hospitali ya jirani ilithibitisha saratani ya matiti, ikamwandikia barua ya kwenda kutibiwa hospitali kuu, safari ya siku nzima kwa basi. Barua aliificha chini ya cherehani. Tulimsema, tukalia, tukamnunia. Yeye alikuwa na swali moja tu: "Nikilala huko, nani atamgeuza?" Tulijitolea sote, lakini hakuamini mkono wa mtu. Miezi mitano ikapita hivyo, na hadi leo inatuuma.

Novemba mwaka huohuo hospitali ya jirani ikafungua chumba cha matibabu ya saratani, chenye viti vinne vya dripu. Kutoka mlangoni kwake ni hatua mia tatu. Alikwenda siku ya tatu, kwa miguu, bila kusukumwa na mtu. Januari 2019 alifanyiwa upasuaji wa kuondoa titi hapohapo, kisha akaanza dripu kila baada ya wiki tatu. Saa mbili asubuhi yuko kitini, saa saba yuko nyumbani, anatapika, anajilaza kidogo, anaamka kumhudumia mumewe. Muuguzi alimkataza kunyanyua vitu vizito. "Yule si mzito," akajibu, "ni wangu." Hata hivyo mkono uligoma, akakubali kumfundisha binti yake mdogo kazi hiyo, kwa masharti mengi.

Ugonjwa ulirudi mwaka 2022, ukaingia mapafuni. Muuguzi yuleyule alimfuata nyumbani na dawa za maumivu. Mama Pindo alifariki tarehe 9 Juni 2023, saa nne asubuhi, kitandani kwake, mumewe akiwa amemshika kwa mkono wa kushoto.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, kaka mmoja na wadogo watatu. Mumewe ameomba maneno yake yasomwe kama alivyoyasema: "Katika ugonjwa wake wote alilala nje ya nyumba yetu usiku mmoja tu, ule wa upasuaji. Leo ndiyo mara ya pili."

Pumzika kwa amani, dada. Mzee yuko mikononi mwetu.